Chokaa kwenye tofali la kuchoma: inawezekana bila lipu, ila anza na maji

Swali: Shikamoo fundi. Nina nyumba ya vyumba vitatu hapa Mafinga, ya matofali ya kuchoma, nje haijapigwa lipu. Fundi wa mtaani kanipigia hesabu ya lipu, wolpati na rangi ya nje nikaishiwa nguvu. Nina laki mbili na nusu tu. Kwenye simu nimeona picha za nyumba za tofali zilizopakwa nyeupe nyepesi, tofali linaonekana kwa mbali, zinapendeza sana. Je, chokaa ya kawaida inaweza kunipa muonekano huo? Kwa mvua za huku itakaa? Jirani ananiambia nichanganye na chumvi ya kupikia ndiyo ishike.

Jibu: Marahaba, dada yangu. Chokaa inaweza, na kwa tofali la kuchoma lililo wazi naiamini kuliko rangi ya maji ya bei ya chini. Ila ujue mapema unanunua nini. Hii si rangi ya kupaka ukasahau. Kwa mvua za Mufindi utairudia mkono mmoja (yaani tabaka moja) kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, na upande unaopigwa na mvua ndio utakaoanza kudai. Kama usumbufu huo huuwezi, tunza hela hadi zifike za lipu. Na kama tayari una mpango wa kupiga lipu mwakani au mwaka unaofuata, usipake chokaa kabisa. Lipu ya saruji haishiki juu ya chokaa inayotoa vumbi, kwa hiyo utamlipa mtu aikwangue ukuta mzima kabla fundi hajagusa mwiko.

Sababu ya kuipendelea ni hii. Tofali la kuchoma hunywa maji mvua ikinyesha na kuyatoa jua likiwaka. Rangi ya maji inatengeneza ngozi ya plastiki juu yake. Maji yanaingia kwenye maungio na nyufa ndogo, yanataka kutoka, yanakuta mlango umefungwa, basi yanaisukuma ngozi ile hadi inavimba na kubanduka, mara nyingi na uso wa tofali. Chokaa haifanyi ngozi. Inageuka jiwe jembamba lenye vinyweleo ndani ya tofali lenyewe, na unyevu unapita. Pale Mji Mkongwe wa Zanzibar kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zimesumbuliwa mno na lipu za saruji zilizopigwa juu yake baadaye, kwa kosa hilohilo la kufungia unyevu ndani.

Tuje dukani, maana huko ndiko wengi wa kwenu wanakopotea. Nyanda za Juu Kusini udongo wake una tindikali, hivyo maduka ya pembejeo yamejaa chokaa ya mashamba. Ni nyeupe, ni unga, inaitwa chokaa, na mara nyingi ni nafuu. Usiinunue. Ile ni jiwe la chokaa lililosagwa tu, halijachomwa. Ukilipaka litakaa ukutani kama vumbi, mvua ya kwanza litakuwa chini. Unayoitaka ni chokaa ya ujenzi, yaani mawe yaliyochomwa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 900 hivi, kisha yakazimwa kwa maji yakawa unga. Ikikaa ukutani inavuta hewa ya ukaa taratibu na kurudi kuwa jiwe. Nguvu yake yote iko katika kule kurudi.

Ina maana pia kwamba chokaa ya ujenzi iliyokaa dukani mfuko ukiwa wazi imeshaanza kurudi kuwa jiwe kabla hujailipia. Pima hivi: weka kijiko kimoja cha unga kwenye kisosi, kamulia ndimu au mimina siki. Ikitoa povu jingi na kuchemkachemka, ama ni ya shambani ama imechacha. Muachie mwenye duka. Iliyo nzima haitoi povu la maana. Muuza duka akikushangaa, mwache ashangae.

Sasa ukuta. Hapa ndipo nataka sehemu kubwa ya laki mbili na nusu yako iende, kabla ya chokaa yenyewe. Zunguka nyumba ukitazama kozi tatu nne za chini. Kama udongo wa nje, bustani au kifusi kimepanda kufikia usawa wa jamvi (ile sakafu ya zege juu ya msingi) au kuzidi, unyevu unaingia ukutani kwa kuruka dipisii, lile tabaka la kuzuia unyevu kati ya msingi na ukuta, na hakuna kitu cha kupaka kitakachodumu hapo. Chimba ushushe udongo huo uwe chini ya jamvi walau sentimita 15. Halafu tazama matone ya mvua yanayoanguka toka kwenye bati: yakigonga udongo mtupu yanarusha matope mekundu ukutani kila mwaka. Kumwaga zege kuzunguka nyumba ni gharama, lakini mkanda wa kokoto upana wa sentimita 60 hivi, penye mdondoko, unavunja yale matone na unafanywa na kijana mmoja mwenye toroli. Kama mwenyezi amekujalia gata, afadhali zaidi.

Ukiona unga mweupe umechomoza kwenye tofali, hiyo ni chumvi inayoletwa na maji. Isugue kwa brashi kavu na uiondoe kabisa. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani. Ikirudi baada ya wiki mbili tatu za jua, bado kuna mahali maji yanaingia, na chokaa isubiri.

Maungio nayo. Nyumba nyingi za huko zimejengwa kwa udongo katikati, kisha maungio yakazibwa kwa saruji kwa nje. Ingiza msumari: ukizama kirahisi, kwangua sentimita 2 hivi uzibe upya. Kwa tofali la kuchoma usizibe kwa saruji kali, itakuwa ngumu kuliko tofali na itapasuka pembeni. Mchanganyiko wa ndoo 1 ya saruji, 1 ya chokaa na 6 za mchanga unatosha na unalainika vizuri mkononi. Kazi hii haiungani na upakaji siku hiyohiyo. Ipe wiki.

Kisha tofali lenyewe. Tanuri la kienyeji halichomi sawa, wewe mwenyewe utayaona ukutani. Yaliyokuwa pembeni ni mepesi, rangi ya chungwa, ukiyakwaruza kwa msumari yanatoa unga. Ya katikati ni mekundu mazuri. Yaliyokaribia moto ni meusi na yanang'aa. Mwagia maji kidogo kila aina. Jekundu litayanywa mara moja, na hilo litapokea chokaa bila ugomvi. Jeusi litayaacha yateremke, na chokaa nayo itateremka. Lisugue kwa brashi ya waya, na kwa matofali hayo tu tumia saruji nyeupe na chokaa nusu kwa nusu katika mkono wa kwanza. Koroga kiasi cha kutumia ndani ya saa mbili, maana saruji haisubiri. Lile laini linalotoa unga lisugue hadi ufike pagumu, na usiliwekee saruji.

Kiasi gani ununue? Hukutaja vipimo, kwa hiyo tuchukue nyumba ya mita 9 kwa 8, ukuta wa mita 2.8. Mzunguko ni mita 34, ukizidisha unapata mita za mraba 95. Toa milango miwili na madirisha sita ya kawaida, inabaki kama 80. Kama paa lako ni la mgongo wa tembo, ongeza zile pembetatu mbili. Mikono mitatu ni mita za mraba 240. Kwenye tofali lenye mikwaruzo lita moja ya chokaa iliyokorogwa inafika mita za mraba 2 na nusu hivi, kwa hiyo unahitaji lita 96. Mfuko wa kilo 25 unatoa karibu lita 50. Mifuko miwili inatosha, wa tatu ni wa maungio na marudio. Linganisha bei ya mifuko mitatu na ndoo moja ya lita 20 ya rangi nzuri ya nje, utaelewa kwa nini nasema hela nyingine iende kwenye kokoto.

Iloweke mapema. Weka maji nusu pipa au ndoo, mwagia unga ndani ya maji huku ukikoroga, uwe uji mzito, funika, iache walau usiku mmoja. Ikikaa wiki ni bora zaidi. Siku ya kazi iongezee maji hadi iwe na wepesi wa maziwa, ichuje kwa chandarua kikuukuu au kitambaa cha neti, kisha ianze kutumika. Na mtu wa kukoroga awepo muda wote, maana chokaa inashuka chini ya ndoo kila unapogeuka, nusu ya ukuta ikapata maji na nusu ikapata uji.

Wepesi huo ndio unaowatisha watu. Ukipaka mkono wa kwanza utaona tofali limelowa tu, weupe hamna. Kibarua atakuambia chokaa ni nyepesi mno, aongeze unga. Mkatalie. Ikiwa mbichi chokaa ni kama haipo. Inajitokeza kadiri inavyokauka, na kesho asubuhi utakuta ukuta mwingine kabisa. Aliyepaka nzito ili aone weupe palepale ndiye ambaye baada ya mwezi ukuta wake una magamba.

Kabla ya kila mkono lowesha ukuta kwa pampu ya kupulizia shambani iliyosafishwa vizuri (isiyowahi kubeba dawa ya magugu, tafadhali) au kwa brashi na maji. Uwe na unyevu, usiwe unachuruzika. Ukuta mkavu unafyonza maji ya chokaa kwa ghafla, na chokaa isiyo na maji haigeuki jiwe, inabaki vumbi la kupaka nguo za watoto. Tumia brashi pana ya nywele ngumu au ya katani. Rola haifiki kwenye maungio. Sukuma brashi kwanza kwa ulalo kisha kwa wima, ukiisugulia chokaa ndani ya tofali. Fuata kivuli: asubuhi upande wa magharibi, jioni wa mashariki. Subiri siku nzima kati ya mkono na mkono, na jioni tatu nne baada ya kumaliza puliza maji kidogo.

Ule muonekano wa kwenye picha unapatikana hivi. Paka mkono mmoja kwenye eneo la mita moja ya mraba hivi, kivulini. Subiri kama dakika 10, mng'ao wa maji upotee. Chukua gunia lililoloweshwa na kukamuliwa, lipitishe juu juu bila kukandamiza. Kwa kuwa tofali la kienyeji lina mabonde, chokaa inabaki mabondeni na kwenye maungio, na kingo za tofali zinarudi kuwa nyekundu. Suuza gunia kila mara. Jaribu kwanza ukuta wa nyuma jikoni, kwani chokaa ikishaingia kwenye vinyweleo huitoi tena ukapata tofali la jana. Maoni yangu: fanya hivyo mbele, chini ya baraza, ambako upenu unalinda. Upande wa mvua paka mikono mitatu kamili bila kufuta. Safu nyembamba iliyofutwa haiwezi kuvumilia mvua ya ulalo ya Januari, na ukitazama nyumba toka njiani tofauti hiyo haikeri hata kidogo. Binafsi naiona ina uhai kuliko nyumba iliyo nyeupe sawasawa pande zote.

Ule mkanda wa chini, sentimita 60 toka ardhini, usiupake mweupe. Kwa udongo wa kwenu utakuwa mwekundu hata ukizungushia kokoto, basi upake mwekundu mwenyewe. Nunua oksaidi nyekundu ya unga, ile ya sakafu, iloweke kwa maji pembeni na uchanganye kwenye chokaa isizidi nusu kilo kwa kila kilo 5 za chokaa kavu. Ikizidi hapo inafifisha nguvu ya chokaa. Na kama unataka weupe unaong'aa juu, bluu ya nguo kidogo sana iliyochujwa kwa kitambaa, kwenye mkono wa mwisho tu. Wazee walifanya hivyo, na bluu ile haiharibiwi na chokaa.

Jirani yako hajakudanganya kabisa kuhusu chumvi. Inavuta unyevu wa hewani, chokaa inakauka polepole, inakuwa ngumu. Kwenye uzio wa mbao au zizi la ng'ombe sina neno. Kwenye tofali hapana. Chumvi inaingia ndani, inakauka, inafanya chembe zinazopanuka na kumega uso wa tofali, na njiani inakula grili za madirisha. Ule unga mweupe uliohangaika kuusugua utakuwa umeununua dukani. Ukitaka kitu cha kushikisha, tumia maziwa yaliyotolewa mafuta, lita 1 kwa lita 10 za chokaa, mkono wa mwisho. Protini yake inaungana na chokaa na kuhimili maji. Patanuka siku chache. Gundi ya mbao wengine wanaweka. Ikizidi inarudisha ileile ngozi ya plastiki tuliyoikimbia, kwa hiyo mimi siiweki.

Kuhusu majira: mvua zenu zinaanza karibu na Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Juni na Julai kuna ukungu na baridi kali ya usiku, na chokaa haipendi kupakwa kunapokaribia nyuzi 5. Ningekwambia ufanye maungio na udongo Julai, upake Agosti na Septemba, ukiwa umemaliza mapema Oktoba ili ipate wiki kadhaa za kukomaa kabla ya radi za kwanza. Oktoba katikati jua ni kali na vumbi ni jingi.

Jambo la macho silitaki mzaha. Chokaa iliyoloweshwa inaunguza. Anayepaka avae miwani ya kukinga, glovu za mpira, mikono mirefu, na ajipake mafuta ya mgando usoni na kwenye vifundo vya mikono. Watoto wawe mbali na pipa hata usiku. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 20 bila kukoma, kisha hospitali, hata kama maumivu yametulia. Usikubali kuuziwa mabonge ya chokaa isiyozimwa kwa sababu ni rahisi. Ukiyatia maji yanachemka kwa nguvu na ndoo ya plastiki inaweza kuyeyuka. Funika pia vioo na fremu za alumini kwa nailoni, chokaa inazichubua na madoa hayatoki.

Huna haja ya kumlipa fundi rangi kwa siku zote za kazi. Mlipe fundi ujenzi siku za maungio, kwa kuwa hapo ujuzi unahitajika. Upakaji wenyewe mnaweza kufanya nyumbani, watu wazima wawili, mmoja anapaka mwingine anakoroga na kulowesha, wakibadilishana. Ngazi nzuri azima.

Itakayobaki usiimwage. Mimina maji juu yake yaifunike kama kina cha vidole vinne, funga ndoo vizuri, na mwakani itakuwa laini kuliko ulipoinunua. Utaitumia kwa marudio ya upande wa mvua, na choo cha nje na banda la kuku navyo vinaipenda, isipokuwa kuku watoke kwanza na warudi ikishakauka.